Siku Nyumba ya Akina Chiguay Ilipohama

Simu iliita Jumamosi asubuhi, Edelmira Chiguay akiwa bado na gauni la kulalia. Aliyepiga ni mdogo wake Belarmino, na Belarmino hakuwa mtu wa kupiga simu bila jambo.

"Dada, nimepata wanunuzi wa nyumba."

"Nyumba gani?"

"Nyumba ya mama, kwani tuna nyumba ngapi? Tena si nyumba yenyewe, ni mbao. Watu wa Santiago wanatafuta vile vigae vya mbao ya mti wa alerce vya kizamani, wanapambia mahoteli. Wanakuja kubomoa wenyewe, wanabeba wenyewe. Sisi hatunyanyui hata msumari."

Edelmira alikaa kitini. Nje ya dirisha lake, katika ghorofa ya nne, paa za mji wa Puerto Montt, kusini mwa Chile, zilikuwa zinatoa moshi.

"Kwani nyumba imekukosea nini, Belarmino?"

"Ukingo umemeguka tena. Choo kimekwenda baharini wiki iliyopita. Mwaka huu tutapoteza jiko, mwaka ujao nyumba nzima. Bora mtu fulani apate faida kabla samaki hawajaifaidi."

Aliposikia hivyo Edelmira alimwambia asiwajibu wanunuzi, anakuja. Belarmino akaguna, akasema haya, njoo, lakini njoo na koti.

Edelmira alikuwa amestaafu mwaka uliopita baada ya kufundisha falsafa maisha yake yote katika shule moja ya sekondari pale mjini. Hakuwahi kuolewa. Wanafunzi walimpenda kwa sababu hakuwapa majibu, na walimwogopa kwa sababu hiyo hiyo. Kila mwaka, mvua za Mei zikianza, alikuwa na somo moja aliloliheshimu kuliko mengine yote. Aliingia darasani bila kitabu, akauliza: mto ni nini? Watoto wakajibu: ni maji, ni samaki, ni umeme. Naye akasema sawa, yote ni kweli, lakini angalieni jinsi jicho letu lilivyozoea. Siku hizi jicho likiuona msitu linaona magogo. Likiuona mto linaona umeme. Likimwona mtu linaona nguvu kazi. Dunia nzima imekuwa ghala, na kila kitu kimepangwa rafuni kikisubiri kuchukuliwa. Mashine si kosa, alikuwa akiwaambia. Kosa ni kudhani kwamba jicho hilo ndilo jicho pekee tulilozaliwa nalo.

Sasa mdogo wake mwenyewe, wa tumbo moja, alikuwa ameitazama nyumba ya mama yao akaona mbao.

Alipanda basi, akavuka mlango wa bahari kwa pantoni pamoja na malori ya chakula cha samaki, akashuka njia panda ya kijiji chao cha Huechupe, kisiwani Chiloé, jioni, manyunyu yakianguka. Belarmino alimpokea kwa gari lake lililonuka dizeli na samaki. Alikuwa mnene kidogo, ndevu zimeingia mvi, mikono imechanika kwa chumvi, maana alifanya kazi ya zamu kwenye mabwawa ya kufugia samaki, kule ghubani.

"Umekonda," alimwambia dada yake.

"Wewe hujakonda."

"Mimi nakula viazi. Nyinyi wa mjini mnakula mawazo."

Wakacheka, na kwa muda mfupi mambo yakawa mazuri.

Nyumba ilikuwa pale pale, juu ya ukingo, imeipa bahari mgongo. Baba yao aliijenga kabla Edelmira hajazaliwa, wakati miti ya alerce ilikuwa bado inaruhusiwa kukatwa. Vigae vyake vya mbao, vilivyokatwa nchani mviringo kama magamba, vilikuwa vimegeuka rangi ya fedha kwa mvua. Edelmira alisukuma mlango, na harufu ikamvaa: moshi wa zamani, sufu yenye maji, tufaha zilizowahi kuhifadhiwa darini. Hakupita sebuleni. Alikwenda moja kwa moja jikoni.

Jiko ndilo lilikuwa kila kitu. Pale mama yake alikuwa akikaa na sindano zake za kufuma, buli la maji ya mate, ile chai chungu ya majani ya huko, likichemka juu ya bati la jiko la kuni, mwani na kome waliokaushwa wakining'inia kwenye kamba. Pale baba aliweka miguu yake ndani ya tanuri lililoachwa wazi ili soksi zikauke, mama akimgombeza kwamba mkate utanuka miguu. Pale, mvua ya Julai ikipiga bati siku nzima bila kupumzika, Edelmira alijifunza kusoma. Na pale, kupitia dirisha lile, akiwa mtoto, aliona nyumba ya jirani ikipita.

Hakuwa amesahau hata chembe. Nyumba nzima, ya rangi ya kijani, inatembea shambani ikivutwa na maksai, bendera juu ya paa, watu wakipiga kelele kando, na paka wa mwenye nyumba amekaa kwenye tundu la dirisha lisilo na kioo, ametulia kama abiria aliyelipa nauli. Watu wa Chiloé huita kazi hiyo minga. Mtu mwenye jambo kubwa lisilobebwa na mikono miwili huenda kuwaomba majirani, nao huja, na yeye huwalisha. Nyumba ikihitaji kuhama, huhamishwa ikiwa nzima.

"Tuihamishe," alisema, akiwa bado amesimama jikoni.

"Tuihamishe nini?"

"Nyumba. Tuivute mpaka kile kiwanja cha juu, karibu na msitu. Bado ni chetu, si ndiyo? Tuombe minga."

Belarmino alivua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa tena.

"Dada, minga ya mwisho hapa watu walikuja na simu kupiga picha. Vijana wako kwenye zamu. Maksai wamebaki kwa doña Herminda na wazee wawili watatu. Hiyo falsafa yako inavuta? Tukiifunga nira itavuta tani ngapi?"

"Usinikejeli."

"Sikukejeli, nauliza. Maana mbao hizi zina thamani. Ni alerce tupu, haipatikani tena. Zikikaa hapa zinaoza."

"Ndivyo unavyoiona? Rundo la mbao?" Sauti ya darasani ilikuwa imemtoka bila yeye kutaka. "Baba aliikata hii kwa shoka, kigae kimoja kimoja. Mama alituzaa humu. Belarmino, si kila kitu ni bidhaa inayongoja mnunuzi. Kuna vitu ambavyo ukivigeuza bidhaa, hubaki na kitu ila pesa."

Belarmino alijibu taratibu, bila kumtazama.

"Wewe unaikumbuka nyumba hii, dada. Mimi nimeishi ndani yake. Msimu wa baridi uliopita mama alilala chumba kile, na paa lilivuja juu ya kitanda. Nilisogeza kitanda, likavuja kwingine. Nilikuwa namgeuza, namwosha, nabadilisha beseni. Natoka zamu, nakuja hapa, narudi zamu. Wewe ulipiga simu kila Jumapili, na mama alifurahi, sikatai. Ulikuja kuzika ukaondoka. Mimi nikiingia chumba kile hadi leo nasikia matone. Sitaki pesa, usinifanye mwizi. Nataka iishe."

Akatoka, akamwacha. Edelmira alisikia gari likiondoka, kisha akasikia bahari chini ya sakafu, karibu kuliko alivyoikumbuka.

Kesho yake alikwenda kwa doña Herminda Cárcamo. Mjane huyo alikuwa na maksai bora kuliko wote upande ule wa kisiwa, jozi mbili: moja ya madoadoa na moja nyeusi tititi. Alimkuta jikoni akifuma soksi. Hakuinuka.

"Karibu, mwalimu. Kaa. Umekuja kuomba au kusalimia?"

"Vyote viwili, doña Herminda."

"Anza na kusalimia, maana salamu unadaiwa za miaka."

Edelmira akasalimia, akauliza hali ya magoti, ya kondoo, ya binti aliyehamia Punta Arenas. Wakapokezana kibuyu cha chai ya mate mara kadhaa. Ndipo akasema haja yake kama alivyosikia wazee wakisema: kwamba ana nyumba hatarini, kwamba mikono yake haitoshi, kwamba anaomba.

Doña Herminda aliendelea kufuma mpaka mwisho wa mstari.

"Nani atawasha moto humo?"

"Samahani?"

"Nyumba ikishafika juu. Asubuhi nani anawasha jiko?"

"Nitakuwa ninakuja. Januari na Februari, miezi ya joto, kila mwaka. Na Pasaka, nikiweza."

"Aa." Mama mzee aliweka soksi mapajani. "Basi usiombe maksai, mwanangu. Kodi lori. Kuna mtu mjini Castro analo, refu, lina magurudumu kama basi tatu zimeungana. Utamlipa, atabeba, atakwenda zake. Sisi hatuvuti nyumba ya kufungwa kufuli. Watu wataacha viazi vyao, watavunjika migongo, halafu wapite pale Juni waone madirisha meusi? Itawauma. Mimi itaniuma."

"Ni nyumba ya wazazi wangu, doña Herminda. Ni kumbukumbu."

"Kumbukumbu haina uzito. Beba tu, hiyo hata mimi sitakuzuia."

Hakusema kwa ubaya. Alimfungia soksi moja iliyokamilika, akamwambia arudi kuchukua ya pili ikiisha.

Edelmira alirudi kwa njia ya ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake wawili walikuwa wanakusanya mwani kwa uma mrefu na kuutandaza kwenye mawe. Alitembea polepole. Alikuwa na hasira kwanza, kisha hasira ikaisha, ikabaki aibu.

Alikumbuka kwamba mwaka mmoja, baada ya lile somo lake la ghala, binti mmoja mkimya wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono akauliza: "Na sisi je, mwalimu? Ukitutazama, jicho lako linaona nini?" Darasa lilicheka, naye akacheka, kengele ikagonga. Hakuwahi kumjibu.

Sasa alijiuliza yeye mwenyewe kuhusu nyumba. Belarmino aliitazama akaona mbao. Sawa. Yeye, je? Aliitazama akaona utoto wake umepangwa rafuni: soksi za baba, mwani kwenye kamba, nyumba ya kijani ikipita dirishani. Alitaka ihifadhiwe mahali pakavu ili awe anakuja Januari kuchota kidogo, afunge, aondoke. Hilo nalo ni ghala. Bidhaa ndiyo tofauti. Mdogo wake angalau hakujidanganya. Kati yao wawili hakuna aliyeiuliza nyumba inataka nini, na nyumba, kwa kadiri alivyoweza kufikiri pale ufukweni maji yakiingia kiatuni, haitaki kukumbukwa. Inataka watu ndani.

Na Puerto Montt alikuwa na nini? Lifti, na majirani aliowajua kwa namba za milango. Marafiki wawili, ambao mmoja alikuwa anahamia kwa mwanawe. Vitabu, ambavyo vingepanda basi bila kulalamika.

Asubuhi iliyofuata alirudi kwa doña Herminda. Safari hii hakukaa.

"Nitawasha mimi."

Mama mzee alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vyake vya mjini.

"Hata Julai?"

"Hata Julai."

"Julai ya huku mvua inaingia mpaka kwenye supu."

"Nilizaliwa huku, doña Herminda. Julai."

Mama mzee akacheka mpaka akakohoa. "Basi kaa chini unywe chai ya mate. Halafu twende kwa Ladislao, ndiye mjuzi wa minga; yule ukimwomba peke yako atakusimulia habari za babu yake mpaka jua lizame."

Belarmino alipoambiwa kwa simu alisema, "Umechanganyikiwa." Aliwaambia watu wa Santiago watafute mbao kwingine, hilo alilifanya siku hiyo hiyo. Lakini alisema siku ya kuvuta hatakuwepo. "Sina kinyongo, dada. Ila sitaki kuiona ikitikisika. Niachie hilo."

Kazi ya matayarisho ilichukua sehemu kubwa ya Februari. Wanaume walikata magogo mawili marefu msituni, wakayachonga pua kama za mtumbwi, wakayapitisha chini ya nyumba. Waling'oa madirisha, wakapigilia mbao za mshazari ndani ya kila chumba ili kuta zisikunjamane. Don Ladislao Barría, aliyekuwa ameongoza minga nyingi katika ujana wake, alizunguka nyumba akigonga kila nguzo kwa ngumi. Alipofika jikoni alipiga magoti, akachomeka kisu kwenye sakafu. Kisu kikazama mpaka mpinini.

"Mwalimu, njoo."

Edelmira akaja.

"Jiko baba yako aliliongeza baadaye, unaona? Nguzo zake ni peke yake, na chumvi imezila. Tukilivuta litatusambaratikia njiani, tena litaondoka na ukuta wa nyumba. Itabidi tulikate, tuliache."

"Jiko?"

"Jiko."

Alitaka kusema chukueni vyumba vyote mniachie hicho kimoja. Alikwenda akasimama pale dirisha lilipokuwa, akashika fremu kwa mikono miwili, akalia kama mtoto, bila kujificha, wanaume wakijifanya wanatafuta misumari. Alipomaliza alifuta uso kwa mtandio.

"Kateni. Lakini toeni jiko la kuni kwanza. Nitalihitaji."

Jumamosi ya minga ilianza na jua jembamba. Watu walikuja wengi kuliko alivyotarajia: wazee, wanawake wenye masufuria, vijana waliobadilishana zamu, hata mwalimu kijana wa shule ya msingi na mkewe. Mwongoza sala wa kanisa dogo la mbao alisoma sala fupi, akanyunyizia maji kizingiti. Mtu akapanda kuchomeka bendera. Maksai walifungwa nira jozi nyuma ya jozi, weusi wa doña Herminda mbele kabisa, pumzi zao zikitoka kama moshi. Don Ladislao akainua ufito wake.

"Haya, wanangu! Haya, weusi! Amkeni tumwamshe bibi nyumba!"

Kelele zikapanda. Kamba zikakaza, zikalia. Kwa muda hakuna kilichotokea, maksai wakiwa wamelala mbele kwa uzito, kwato zikichimba. Kisha nyumba ikatoa sauti ndefu ya mbao, kama mtu mzima anayenyanyuka kitini baada ya kukaa mno, na ikasogea. Edelmira aliyekuwa kando alijikuta anapiga makelele pamoja na wengine, maneno ambayo hakuwa ameyatumia tangu utotoni. Nyuma yao jiko lilibaki ukingoni, limefunguka upande mmoja, dogo, la kusikitisha.

Ilikwenda vizuri shamba lote la chini. Ilikwenda vizuri kupita uzio uliofunguliwa. Lakini kwenye bonde, pale kijito kinapojificha chini ya nyasi, gogo la kulia lilizama. Nyumba ikainama. Wakasukuma kwa magongo, wakaweka mbao chini, wakavuta tena, na kamba nene kuliko zote ikakatika kwa mlio kama wa bunduki. Maksai wa madoadoa wakapiga magoti. Bahati hakuna aliyeumia. Na mvua, iliyokuwa imesubiri kwa adabu, ikaanza.

"Trekta," mtu mmoja akasema.

"Nani kasema trekta?" Don Ladislao akageuka, maji yakimtiririka masharubuni. "Minga ni maksai! Babu yangu alivusha nyumba juu ya maji, sembuse kijito hiki! Mkitaka trekta pigeni simu manispaa, mimi naondoka!"

"Don Ladislao, hawa wanyama wamechoka."

"Hata mimi nimechoka! Nimefungwa trekta mimi?"

Wengine wakacheka, wengine wakakasirika. Mwishowe mmoja akasema, basi mwenye nyumba aamue, na nyuso zote zilizolowa zikamgeukia Edelmira.

Alifungua mdomo. Miaka yote ile alikuwa amezungumza juu ya mashine mbele ya ubao mkavu, na sasa alijua mambo mengi ambayo hayakumsaidia hata kidogo. Kuna sehemu yake iliyotaka kusema hapana, maksai tu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa nzuri kumbukumbuni. Alikuwa bado anatafuta neno waliposikia mngurumo kutoka barabarani.

Belarmino alikuwa amevaa nguo zake za kazi za rangi ya chungwa, amekaa juu ya trekta kuukuu aliyokuwa akitumia kuvutia mashua. Alisimamisha pembeni ya bonde, hakuzima injini.

"Kelele zenu zinasikika mpaka gatini. Nimeshindwa kufanya kazi."

Don Ladislao aliitazama trekta kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. Ndipo doña Herminda akatoka katikati ya wanawake wa masufuria, amejifunika gunia kichwani.

"Belarmino Chiguay. Utakaa ule, au utavuta na kuondoka?"

"Nini?"

"Nimeuliza Kihispania. Ukishavuta, utakaa na sisi ule, uchelewe, uimbe vibaya kama baba yako? Au una haraka?"

Belarmino aliitazama nyumba iliyoinama mvuani, kisha dada yake.

"Nitakaa."

"Basi funga kamba yako mbele ya weusi wangu, na usiwatishe. Ladislao, ongoza. Hata hiyo trekta inahitaji mtu wa kuipigia kelele."

Hilo ndilo jibu Edelmira alilokuwa akilizunguka darasani bila kulishika. Lori la Castro lingefika, lingelipwa, na kesho yake kusingebaki kitu chochote kati ya mwenye lori na mwenye nyumba. Trekta ya Belarmino ilikuwa imekuja kama walivyokuja maksai. Tofauti haikuwa kati ya chuma na pembe.

Walivuta wote kwa pamoja: trekta, weusi, madoadoa, na watu waliojipanga kwenye kamba ya kando, Edelmira miongoni mwao, matope mpaka magotini, ngozi ya viganja ikimchunika. Don Ladislao aliitukana trekta kwa upendo mkubwa, akaiita jina la shangazi yake. Gogo likang'oka kutoka topeni kwa sauti ya busu kubwa. Nyumba ikanyooka, ikapanda, ikafika juu kabla ya giza, bila jiko, ikiwa na ufa mrefu kwenye ukuta wa sebule, bendera imelowa na kushikamana na ufito wake.

Chakula kilikuwa kimepikwa shimoni tangu mchana, juu ya mawe ya moto na chini ya majani mapana ya nalca: kome, chaza, nyama ya moshi, viazi, mikate ya viazi inayodondosha mafuta. Chicha, pombe ya tufaha, ilizunguka kwa kikombe kimoja. Mtu akafungua kodiani. Belarmino na Edelmira walikaa juu ya pua ya gogo, chini ya ukingo wa paa, wakila kwa vidole.

"Nimeingia chumba cha mama sasa hivi," alisema Belarmino. "Dirisha linaangalia msituni. Nimesimama pale nikajaribu kusikia matone."

"Ukasikia?"

"Nimesikia watu wanagombania kome." Alilamba kidole. "Paa lake nitalitengeneza kabla ya Mei. Kule mashariki ndiko kunakovuja. Usimwite fundi, fundi atakuibia."

"Belarmino. Nilipaswa kuja. Msimu ule wa baridi."

"Ndiyo," alisema. "Ulipaswa." Kisha akamwongezea kiazi kwenye sahani yake, akainuka kwenda kuimba vibaya.

Lile jiko lililoachwa lilianguka mwezi Machi, siku ya maji makubwa. Edelmira aliliona kutoka juu likiinama na kuteleza, na hakukimbilia. Kwa siku kadhaa mbao zake zilikuwa zinatupwa ufukweni, na wakusanya mwani walizichukua ziwe kuni. Mmoja alimletea ubao, akidhani angependa kuuhifadhi. Edelmira alimshukuru, akautumia kama rafu ya kuwekea chumvi na unga.

Hakuwa na ujuzi wa mambo mengi. Majuma ya kwanza, jiko la kuni likiwa limewekwa sebuleni, aliunguza mikate, akalala na makoti mawili, akakosana na kuku wa jirani. Siku nyingine upweke ulimkaba, akaikumbuka ile lifti. Lakini watu walipita. Walipita wakisema wanaangalia kama nyumba imetulia vizuri, wakakaa, wakanywa chai ya mate, wakamwambia habari za watu aliokuwa amewasahau.

Aprili ilipoingia, asubuhi moja alisikia kioo kinagongwa. Alikuwa doña Herminda, na kikapu mkononi.

"Mwalimu! Jumatatu tunachimba viazi kwangu. Saa ya umande kukauka. Leta uma wako."

"Sina uma wa viazi, doña Herminda."

"Basi leta mgongo."

Jumatatu mvua haikunyesha. Walikuwa watu zaidi ya kumi shambani, kila mmoja na mstari wake, na Edelmira alipewa wa mwisho, karibu na uzio, penye udongo laini. Aliinama, akazamisha mikono, akatoa kiazi cha kwanza: kirefu, cha zambarau, kimepinda kama kidole cha mzee. Alikikung'uta udongo, akakitazama kwa muda.

"Mwalimu!" Don Ladislao alimwita kutoka mstari wa tatu, akiwa ameshajaza gunia. "Usikihoji! Kitie kikapuni!"

Shamba zima likacheka. Edelmira akakitia kikapuni, akaingiza mikono udongoni kutafuta kingine.